Madoa Yaliyohama

Mwanamke aliyesimamia vyumba vya ile hoteli alilitandaza shuka juu ya meza yake, akalipapasa katikati, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hiki ni nini, mama?" Heri angefoka. Kufoka nakuweza. Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Tanzania, nami nilizaliwa na kulelewa Bukoba, na kule mtu akikasirika unajua kakasirika. Kigali, nilikohamia ukubwani, ndiyo iliyonifundisha kuogopa sauti ya chini.

Niliinama. Katikati ya lile shuka jeupe palikuwa na doa la manjano, hafifu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akatandaza la pili, doa. La tatu, doa. Akasema mashuka yote yalitoka kwetu yakiwa safi, yeye mwenyewe aliyakagua wakati wa kuyapokea, ila yakikaa kabatini siku chache doa linachomoza lenyewe. Akasema atatuvumilia mpaka mwisho wa mwezi, kisha hoteli itatafuta dobi mwingine. Akanisindikiza mpaka mlangoni akinishukuru kwa kuja, Yesu wangu, akinishukuru!

Dobi wenyewe ndio sisi. Karakana yetu iko Sonatubes, hapahapa Kigali, nyuma ya maduka, na wakati huo nilikuwa mkuu wake, sijamaliza hata mwaka. Hoteli ile ndiyo iliyotulisha. Wateja wengine walikuwa wa mashati mawili na pazia. Tajiri wetu, kijana aliyekulia Uganda, hakuzungusha maneno kwenye simu: hoteli ikiondoka, anafunga. Yaani mimi na wafuaji na wapiga pasi na wakunjaji, wote tunakwenda nyumbani kukaa. Watoto wangu wawili walikuwa shuleni na baba yao alishatangulia mbele ya haki. Tangu simu ile nilikuwa nikishika shuka naligeuza huku na huku dirishani mpaka macho yanatoa machozi, na silioni doa, na ninajua limo.

Tajiri alikuwa ametoka kwenye semina. Akaniletea vijikaratasi vya rangi vyenye gundi, na masharti ya kutumia: kila mtu aandike wazo lake, wazo lolote ni zuri, na ni marufuku kupinga wazo la mwenzio. Kubungua bongo, ndivyo nilivyowaeleza wenzangu, na roho yangu ikapata nafuu kidogo, kwa maana kikao ndicho kitu ninachokijua. Huko nilikokulia kikao ni ugomvi wenye ajenda. Watu wanakatana kauli, mmoja anasusa, mmoja anachekesha, na kati ya zogo hilo jibu linapatikana.

Nikazima mashine, nikawakusanya kwenye meza ya kukunjia. "Jamani, tunafukuzwa," nikawaambia. "Mwisho wa mwezi hapa pana kufuli. Mimi nahisi ni maji, maana yakikatika tunatumia ya tangi, na tangi lile nani aliwahi kuliosha? Lakini hayo ni yangu. Andikeni ya kwenu." Wakaandika, vichwa chini, kwa adabu kama watoto wa komunyo. Nikabandika ukutani. Maji. Maji. Maji. Mmoja alikuwa ameandika, Maji, kama shefu alivyosema, yaani mimi, mkuu wao.

Nami nikafurahi, mjinga mimi! Nikaona kweli nimelenga. Tukamwaga tangi, tukalisugua, tajiri akanunua chujio jipya huku analalamika. Mzigo uliofuata ukaenda hotelini, na siku chache baadaye simu ikalia na ile sauti ya chini ikaniambia madoa yapo palepale.

Kikao cha pili nikajifunga mdomo. Nikagawa karatasi, nikakaa, nikaapa sisemi. Kalamu hazikutembea. Aliyekuwa mkubwa baada yangu alikuwa fundi wa mashine, mwanamume mrefu mwenye maneno ya kuchagua, na watu wakawa wanamtazama yeye, na yeye ananitazama mimi. Mwishowe akauliza kwa upole, "Shefu anaonaje?"

"Sioni kitu! Nyie ndio mnaoshika mashuka kutwa nzima!"

"Ni kweli," akasema.

"Ni byo," wakaitikia wengine, ni hivyo, ni hivyo. Kisha kimya. Kimya hicho huwezi kumweleza mtu akakielewa kama hajawahi kukaa ndani yake akiwa na watoto wawili shuleni. Nikaropoka, "Labda sabuni," na kabla sijafunga mdomo kalamu zote zilikuwa zinakimbia. Ukuta ukajaa sabuni.

Nilichokuwa nacho cha kututia moyo ni mandazi. Tangu nipewe ukuu nilikuwa naamka mapema, nakaanga, nayabeba kwenye beseni lenye kifuniko, na saa nne napita meza kwa meza nikigawa yakiwa bado ya moto, mawili mawili kwenye karatasi. Mkubwa asiyelisha watu wake ni mkubwa gani? Walipokea kwa mikono miwili wakishukuru, "Murakoze, mama, Mungu akuongeze," nami nasimama hapo napiga porojo mpaka nione kila mtu kapata. Nyumbani kwetu waliokula pamoja hawashindwi kuambiana ukweli. Basi kadiri hofu ilivyozidi, ndivyo nilivyozidisha unga. Wiki ile ya sabuni nilifika nikigawa matatu matatu.

Kisha madoa yakahama.

Nakumbuka nilivyosimama tena mbele ya ile meza hotelini. Sabuni ilikuwa mpya, ya bei mbaya, yenye harufu ya maua. Yule mwanamke akatandaza shuka, akapapasa katikati, safi. Nikaanza kutabasamu. Akateremsha kidole mpaka pembeni, karibu na pindo, na hapo doa likawa linaningoja, manjano ileile, ukubwa uleule. "Sasa yamekwenda huku, mama," akasema. Doa la maji halihami, la sabuni halihami. Doa linalohama lina akili, na nikaanza kuwaza mambo ambayo Mkristo hapaswi kuyawaza. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa hoteli mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa.

Kikao cha tatu sikukiita. Niliogopa kitakachoandikwa, maana kingekuwa changu tena.

Ng'ambo ya barabara yetu kuna duka la maziwa, la kawaida, lenye mabenchi na magilasi makubwa. Jioni moja nikiwa nafunga nikawaona wenzangu wote wamo ndani. Wote! Fundi alikuwa katikati anazungumza, mikono inakwenda juu na chini, na wengine wanamkatiza, mmoja anapiga meza, mwingine anakataa kwa kichwa. Ulikuwa ugomvi wenye ajenda hasa, uleule niliokuwa naumwa kuukosa. Nikavuka. Nilipoingia, mazungumzo yalikatika kama umeme. "Karibu, mama, chukua maziwa," wakasema wote kwa pamoja, wakanisogezea nafasi. Nikanywa. Wakaanza kusifu mvua.

Hapo nikajua. Wananing'oa. Ningekuwa mimi ningefanya nini? Mkuu kanunua chujio, kanunua sabuni, na madoa yanatembea. Watakwenda kwa tajiri waseme karakana inaweza kupona ikiwa Mtanzania huyu ataondoka, na tajiri ataona ni nafuu kuliko kufunga. Na msemaji wanaye. Fundi yule siku za kazi ni wa mashine, lakini Jumamosi hukodishwa kwenye sherehe za posa, ile wanayoiita gusaba, ambapo kila ukoo unakaa upande wake na msemaji wake, na hao wawili wanashindana kwa maneno mpaka bibi harusi atolewe. Niliwahi kumwona. Aliweza kumkatalia mkwe kwa muda mrefu bila kulitamka neno hapana hata mara moja, na mkwe akawa anacheka.

Zikiwa zimebaki siku chache mwezi uishe, Jumamosi, akanipigia. "Mama, kesho tunakuja kukuona nyumbani."

"Nyie na nani?"

"Sisi wote."

Mtu mmoja akija kukuona, amekuja kukuona. Karakana nzima ikija, kuna jambo. Nilifagia nyumba yangu ya Nyakabanda mara sijui ngapi. Nikaazima viti kwa jirani. Niliwatuma watoto kwa shangazi yao wasije wakaona mama yao anavuliwa ukubwa. Halafu nikafanya ninachofanya nikiogopa: nikakaanga mandazi, sinia zima, nikaliweka mezani katikati.

Walitoka kanisani moja kwa moja. Wanaume wamechomekea, wamebeba kreti ya soda. Na mkubwa wa wakunjaji, mama mtu mzima aliyekulia Bujumbura, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote pale na ambaye alikitumia kidogo kuliko wote, alikuwa amevaa mushanana, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, rangi ya krimu, jepesi, la kuazimwa au la kutunzwa miaka. Hakuna anayevaa mushanana kuja kunywa soda.

Fundi akasimama. Akasalimia nyumba. Akawasalimia watoto ambao hawakuwepo. Akamshukuru Mungu kwa mvua, akanishukuru kwa viti. Akakaa kidogo, akasimama tena, akasema alipokuwa mdogo palikuwa na mzee mwenye ng'ombe mwema. Mzee huyo alikuwa na moyo. Kila asubuhi alizunguka kwa majirani akiwagawia maziwa. Majirani walikuwa shambani, vyombo hawana, lakini maziwa hayakataliwi, basi wakawa wanakinga mikono. Maziwa yakamwagika njiani. Njia ikateleza. Watoto wakaanguka, na hata ng'ombe wa mzee mwenyewe akawa karibu kuvunjika mguu.

"Sasa majirani wakakaa," akasema, "wakajiuliza, mzee huyu tumwambieje?"

"Si wamwambie aache!" nikasema.

"Ni kweli, mama. Lakini ni maziwa."

"Basi wanunue vyombo!"

"Ni wazo zuri sana," akasema fundi, na wengine wote wakaitikia kwamba ni wazo zuri.

Nikashindwa. Niliinuka, nikapiga meza, soda zikacheza. "Nyie watu! Mnanifukuza au hamnifukuzi? Semeni niende zangu, nimechoka, hamuoni nimechoka?" Na nikaanza kulia hapohapo mbele ya watu wa kazini, jambo ambalo Kigali halifanywi. Wakatazama chini wote. Fundi alikaa taratibu.

Ndipo yule mama wa Bujumbura akanyoosha mkono mezani. Akachukua mandazi mawili. Akatoa kipande cha karatasi kwenye pochi yake, akayafunga vizuri, kwa utaratibu, kama anavyofanya mtu aliyezoea. Hakula. Akayaweka mapajani, juu ya mushanana wake, akayakandamiza kwa viganja vyote viwili namna wakunjaji wanavyolikandamiza shuka tumboni ili pindo zikutane. Alikaa hivyo kitambo, akinitazama. Kisha akayanyanyua, akalivuta vazi likanyooka, nione.

Doa la mafuta, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Nikalitazama doa, nikalitazama sinia. "Mnayaweka kwenye aproni," nikasema.

"Kwenye mfuko wa aproni, mama," akasema. "Wa mbele. Baadaye tukayahamishia mifuko ya pembeni, tukidhani shuka litapona."

Sasa msije mkaniambia Kigali ya leo watu wanakula hadharani. Wanakula, ndiyo, mikahawani, wamekaa, na sahani na mlango. Lakini mtu mzima, amesimama kazini, anatafuna mbele ya mkubwa wake aliyesimama kumtazama? Hilo kwa wengi wao ni fedheha, kunywa si kitu lakini kutafuna ni fedheha, na kukataa chakula ulichopewa kwa mkono ni fedheha kubwa zaidi. Basi wakawa wanapokea, wanashukuru, wanafunga kwenye karatasi wawapelekee watoto. Mfuko wa plastiki ungewaokoa, ila plastiki ni marufuku nchini siku nyingi. Mabegi yao yako kabatini nje, na mimi ninapiga porojo palepale, hakuna pa kutokea. Karatasi inanyonya, aproni inanyonya, joto la pasi linasaidia, shuka linakumbatiwa. Siku hiyo doa halionekani kwa macho. Linakwenda kuiva kabatini kwa watu.

Desturi hiyo niliijua, hilo ndilo lililoniuma. Baba yangu mwenyewe, miaka yote ya Bukoba, hakuwahi kula mbele ya jirani. Tulikuwa tunamcheka.

Nilikasirika, sitaficha. "Ukuta mzima!" nikawaambia huku nafuta makamasi. "Mmejaza ukuta mzima maji, na mnajua ni mafuta!"

"Maji ulisema wewe, shefu," akajibu fundi, na kwa mara ya kwanza niliona anataka kucheka. "Na tuliambiwa wazo la mwenzio halipingwi."

Hapo kicheko kilinitoka kabla ya hasira kuisha, kikachanganyika na kilio, wakacheka na wao, wamejiziba midomo. Tukanywa soda. Mandazi nayatazama, hakuna aliyeyagusa, na mimi mwenyewe nikaona aibu kuyagusa.

Nisimweke mtu roho juu kama ilivyokuwa yangu: hoteli haikuondoka. Tulibadilisha aproni zote, na beseni langu likabaki nyumbani. Nilikwenda mwenyewe kumwomba yule mwanamke atupe muda kidogo, ayafungie mashuka kabatini, ayaache yaive kama yanaiva. Siku zile za kungoja ndizo mbaya kuliko zote. Kila simu ilipolia nilitaka kuitupa. Akanipigia akasema kwa sauti yake ileile, "Ni safi, mama." Nilimwomba arudie. Tajiri hajawahi kuuliza sababu, anaamini ni sabuni yenye harufu ya maua, na bado tunainunua.

Lakini linalonirudia mimi si simu hiyo. Ni ile Jumapili, wakati wa kuwasindikiza, maana mgeni haachwi mlangoni. Wengine walitangulia kushuka kuelekea barabarani, nami nikabaki nyuma na yule mama wa Bujumbura, tunatembea polepole kwa ajili ya mawe. Nilimwomba anipe mushanana wake, sisi ni dobi, kesho ningeufua kwa mkono wangu. Akasema hapana haja.

"Mlijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Mimi tangu nilipofua aproni yangu nyumbani. Wenzangu niliwaambia baadaye."

"Na leo mngeshindwa kunieleza? Ningebaki sijaelewa, je?"

Alishika mkono wangu kupita kwenye mtaro, akauachia. "Fundi ameshapata kazi Ndera," akasema. "Anaanza mwezi ujao. Wasichana wawili wa pasi wamepata Kimironko. Mimi nilikuwa bado natafuta."

Nilisimama. "Mlikuwa mnatafuta kazi? Wote?"

"Karakana si ilikuwa inafungwa, mama?"

"Ilikuwa inafungwa kwa sababu hamkusema! Neno moja tu!"

"Ndiyo," akasema. "Tulilijadili sana. Tukaona kazi mtu anaweza kupata nyingine."

Pikipiki ilikuwa inamngoja chini. Akalikusanya vazi lake ili doa lisionekane na watu wa barabarani, akavaa helmeti, akapanda, akaniambia tutaonana kesho kazini.